Miadi ya Milisekunde

Tarehe 19 Agosti 2006, waendeshaji wa kinu namba 3 cha umeme wa nyuklia cha Browns Ferry, jimboni Alabama, Marekani, walilazimika kukizima kinu hicho kwa mkono baada ya pampu mbili zinazozungusha maji ndani yake kusimama. Chanzo hakikuwa bomba lililopasuka wala mota iliyoungua. Vidhibiti vinavyoamua kasi ya pampu hizo vilikuwa vimeungwa kwenye mtandao wa Etheneti wa kituo, na siku hiyo mtandao ulijaa ujumbe kupita kiasi. Vidhibiti vikalemewa, vikaacha kuitikia. Kidhibiti kingine kwenye mtandao huohuo, cha mtambo wa kusafisha maji, nacho kilikwama. Mwaka uliofuata tume inayosimamia vinu vya nyuklia nchini humo iliwaandikia wenye vituo vingine kuwaeleza kisa hicho, na Browns Ferry wenyewe wakaweka vichujio vya kupunguza ujumbe unaoruhusiwa kuvifikia vidhibiti vya pampu.

Kinachosumbua fikra ni kwamba ujumbe haukushindwa kufika. Ulifika, tena mwingi mno, kwa vifaa visivyouhitaji.

Vitabu vya mafunzo ya mitandao ya viwandani hupenda kufungwa kwa faharasa: anwani, fremu, mzunguko, poti, swichi, itifaki, na kadhalika hadi mwisho wa alfabeti. Mwanafunzi hukariri, hufaulu mtihani, kisha husahau. Lakini istilahi hizo hazikuzaliwa kwa mpangilio wa alfabeti. Karibu kila moja iliingia kiwandani baada ya kitu fulani kugongana, kuchelewa au kusimama, na anayeisoma pamoja na hitilafu iliyoizaa haisahau. Nyuma ya zote lipo dai moja ambalo Etheneti ilipobuniwa haikuwahi kuombwa ilitimize: ujumbe uwe na miadi, na miadi ishikwe kila mara.

Tarehe 22 Mei 1973 Robert Metcalfe, akiwa na umri wa miaka 27, alisambaza waraka ndani ya kituo cha utafiti cha kampuni ya Xerox huko Palo Alto, California. Alipendekeza kompyuta za kituo hicho, zilizoitwa Alto, ziunganishwe kwa kebo moja inayotumiwa na wote. Yeye na David Boggs wakaijenga, na mtandao wao wa kwanza ulipitisha megabiti 2.94 kwa sekunde. Wazo la msingi Metcalfe alilichota Hawaii, ambako Norman Abramson na wenzake wa chuo kikuu walikuwa wameanza mwaka 1971 kuunganisha visiwa kwa mtandao wa redio ulioitwa ALOHAnet.

Utaratibu wake ulikuwa rahisi. Kila kompyuta husikiliza kwanza. Kebo ikiwa kimya, inatuma. Mbili zikianza kwa pamoja, ujumbe wa zote mbili unaharibika. Kila moja inanyamaza, inachagua muda wa kusubiri kwa bahati nasibu, halafu inajaribu tena. Zikigongana kwa mara nyingine, uwanja wa kuchagulia muda huo unapanuliwa maradufu, na baada ya majaribio 16 ujumbe unatupwa. Ni kikao kisicho na mwenyekiti, ambacho wajumbe wake wote wana adabu. Ubunifu huu unastahili heshima: hakuna mkuu, hakuna ratiba, na kompyuta mpya inaungwa bila kuomba ruhusa ya yeyote. Ofisini unatosha kabisa. Barua ikitoka kwenye printa nusu sekunde baadaye, nani atajua? Mwaka 1980 kampuni za Digital, Intel na Xerox zikauchapisha kama kiwango cha megabiti 10 kwa sekunde, na mwaka 1983 taasisi ya wahandisi wa umeme na elektroniki, IEEE, ikaupa namba ambayo mafundi wanaitaja hadi leo, 802.3.

Sasa chukua laini ya soda inayojaza chupa 36,000 kwa saa. Hizo ni chupa 10 kila sekunde, yaani chupa moja kila milisekunde 100. Kamera inaona chupa isiyo na kizibo. Inaiarifu PLC, ile kompyuta ngumu inayoendesha laini, na PLC inaiamuru silinda ya hewa iisukume chupa hiyo pembeni inapopita mbele yake. Amri ikichelewa milisekunde 100, silinda inaisukuma chupa ya nyuma yake, ambayo haina kosa lolote, na ile isiyo na kizibo inaendelea na safari hadi kwenye kreti. Kwa mashine hii jibu sahihi lililochelewa ni jibu baya, na mtandao unaochagua muda wa kusubiri kwa bahati nasibu hauwezi kuiahidi chochote.

Ndiyo maana kwa miaka mingi wahandisi wa viwanda waliikataa Etheneti, wakabaki na nyaya zao. Modbus, iliyotolewa na kampuni ya Modicon mwaka 1979, ilikuwa na kifaa kimoja kinachouliza. Vingine havisemi mpaka viitwe. CAN, iliyotangazwa na Bosch mwaka 1986 kwa ajili ya magari, iliruhusu ujumbe wenye namba ndogo kushinda bila kuharibu chochote. Ujerumani ikaja na Profibus. Zilikuwa nzuri, kila moja kwa wakati wake, ila kila kampuni ilikuwa na waya wake, plagi yake na programu yake, na mteja aliyenunua mashine mbili kutoka kwa watengenezaji wawili alinunua pia ugomvi. Wajumbe wa kimataifa walijaribu kwa muda mrefu kukubaliana juu ya waya mmoja wa viwandani. Wakaishia kuidhinisha aina nane ndani ya kiwango kimoja, IEC 61158.

Etheneti iliingia kwa mlango wa bei. Kebo zake na chipu zake zilitengenezwa kwa mamilioni, na zilikuwa tayari zimefika ofisi ya meneja upande wa pili wa ukuta. Lakini iliyoingia kiwandani haikuwa ile ya 1973, kwa sababu katikati palikuwa pametokea swichi.

Swichi ya kwanza ya Etheneti iliyouzwa sokoni ilitoka kampuni ndogo ya California iitwayo Kalpana mwaka 1990. Badala ya kebo moja ya wote, kila kifaa kina waya wake hadi kwenye poti ya swichi, tena waya wenye jozi ya kutuma na jozi ya kupokea. Anayetuma na anayejibu hawakutani njiani, na mgongano unakwisha. Fremu, yaani kifurushi cha data chenye anwani ya mtumaji na ya mpokeaji, inapoingia kwenye poti, swichi husoma anwani ya mtumaji na kuiandika kwenye jedwali lake: kifaa hiki kipo poti namba 4. Anwani hiyo, ya MAC, ina biti 48, na nusu yake ya kwanza kwa kawaida humtaja mtengenezaji. Tangu hapo fremu inayokwenda kwa kifaa hicho itatolewa poti namba 4 peke yake. Ila kuna mambo mawili ya kushika. Swichi isipoijua anwani ya mpokeaji, inaitoa fremu hiyo kwenye poti zote. Na fremu iliyoandikwa kuwa ni tangazo kwa wote, swichi inalazimika kuipeleka kwa wote, na kila kifaa kinalazimika kuipokea na kuitazama.

Mgongano ukaondoka, foleni ikaja. Hapa ndipo wengi hudanganyika, kwa kudhani kwamba kasi kubwa ni sawa na uhakika. Fremu kubwa ya kawaida ina baiti 1,518. Pamoja na kitangulizi chake na pengo la lazima baina ya fremu, inachukua kama mikrosekunde 123 kupita kwenye waya wa megabiti 100. Fremu ndogo kabisa, ya baiti 64, inachukua chini ya mikrosekunde 7. Amri ya kufunga vali ni fupi, inaingia kwenye fremu ndogo. Ikifika kwenye poti wakati kipande cha picha ya kamera kimeshaanza kutoka, itasubiri kipande hicho kimalizike. Mikrosekunde 123 ni kitu gani? Lakini mashine za viwandani hupenda kuungwa kwa mstari, kifaa hadi kifaa, kila kimoja kikiwa na swichi ndogo ya poti mbili ndani yake. Vifaa 20 vikijipanga hivyo, amri yenye bahati mbaya inaweza kusubiri mara 20, na jumla yake ni karibu milisekunde 2.5. Yenye bahati nzuri haisubiri popote.

Tofauti hiyo ya bahati nzuri na bahati mbaya ndiyo jita. Ucheleweshaji ni muda ambao ujumbe unachukua njiani. Jita ni kiasi ambacho muda huo unayumba kutoka ujumbe mmoja hadi mwingine. Ucheleweshaji usiobadilika haumtishi mhandisi mzuri: anaupima, anauingiza kwenye hesabu, na silinda inasukuma chupa inayopasa. Jita haiwezi kuingizwa kwenye hesabu, kwa sababu ukubwa wake haujulikani hadi utokee. Mota sita zinazovuta karatasi moja kwenye mashine ya uchapishaji zikipata amri zenye jita, karatasi inakunjamana au inachanika, hata kama wastani wa kasi ya mtandao ni wa kujivunia. Mtandao unaoweza kuahidi kikomo cha ucheleweshaji, na ahadi hiyo ikashikika hata siku mtandao umejaa, ndio unaostahili kuitwa wa uhakika.

Kuna njia kadhaa za kuupata uhakika huo. Ya upole zaidi ni kipaumbele: fremu hubandikwa lebo yenye biti tatu za daraja, kuanzia 0 hadi 7, na ya daraja la juu hutangulizwa kwenye foleni. Lakini kipaumbele hakiikati fremu iliyokwisha kuanza kutoka. Ruhusa ya kuikatiza katikati, kupitisha ya haraka, kisha kuimalizia iliyokatizwa, ilipata kiwango chake mwaka 2016 tu. PROFINET, inayotumika sana kwenye mitambo ya Siemens, inaziruka tabaka za kawaida za intaneti kwa data ya haraka, na katika toleo lake kali zaidi inatenga kipande cha kila mzunguko ambacho hakuna ujumbe mwingine unaoruhusiwa kukigusa. Jita inashuka chini ya mikrosekunde moja. Mzunguko hapa ni kile kipindi kinachojirudia ambacho PLC inasoma sensa zote, inaamua, na kuandika amri zote.

EtherCAT, iliyotolewa na kampuni ya Kijerumani ya Beckhoff mwaka 2003, ilikwenda njia ya kijasiri zaidi. Kidhibiti kinatuma fremu moja inayopita ndani ya vifaa vyote kwa zamu. Kifaa hakiipokei na kuihifadhi. Kinasoma baiti zake na kuandika majibu yake huku fremu inaendelea kupita, na ucheleweshaji wa kila kifaa ni sehemu ndogo ya mikrosekunde. Wenyewe hutaja mota 100 za servo, zile zinazofuata amri ya mkao na kasi kwa usahihi, zikihudumiwa ndani ya mikrosekunde 100. Bei ya umaridadi huo ni kwamba kila kifaa kinahitaji chipu maalumu, na kompyuta ya kawaida haichomekwi tu katikati ya mnyororo huo. Nani amechagua vizuri? Kiwanda cha kuchonga vyuma chenye mashine za servo kitakuwa na jibu lake, na kiwanda cha saruji, ambacho joto la tanuru lake halibadiliki ndani ya milisekunde, kitakuwa na lingine. Kosa ni kununua uhakika wa mikrosekunde mahali panapohitaji sekunde, halafu kukosa fedha za swichi ya akiba.

Akiba ndiyo habari yenyewe kwenye sakafu ya kiwanda, kwa sababu kebo hukatika. Foklifti inarudi nyuma bila kutazama, panya anatafuna, mkanda wa kebo unaokunjwa na kukunjuliwa siku nzima unachoka. Dawa inayojulikana ni kuunganisha swichi kwa duara badala ya mstari: waya ukikatika upande mmoja, ujumbe unazunguka upande wa pili. Lakini duara kwa Etheneti ni hatari. Fremu ya Etheneti haina hesabu ya umri wake. Hakuna kinachoiambia kwamba imeshazunguka vya kutosha. Tangazo moja likiingia kwenye duara lililokamilika litazunguka bila kikomo, kila swichi ikilinakili, na baada ya muda mfupi mtandao hauna nafasi ya kitu kingine. Ndiyo inayoitwa dhoruba ya matangazo. Haihitaji adui kutoka nje. Inatosha fundi mwenye nia njema kuona waya unaoning'inia ndani ya paneli na kuuchomeka kwenye poti ya kwanza iliyo tupu, kumbe ncha yake ya pili imeshachomekwa kwenye swichi ileile.

Radia Perlman, akifanya kazi Digital mwaka 1985, alibuni utaratibu wa swichi kuzungumza zenyewe kwa zenyewe, kuligundua duara, kuufunga mlango mmoja kwa makusudi, na kuufungua tu njia nyingine inapokatika. Utaratibu huo ulioenea dunia nzima ulichukua sekunde 30 hadi 50 kujipanga upya. Toleo la haraka likaja mwaka 2001. Viwanda vikataka zaidi, na utaratibu uitwao MRP ukaahidi kuponya duara la vifaa 50 ndani ya milisekunde 200.

Milisekunde 200 zinasikika kama ushindi hadi mtu atazame upande wa pili wa mkataba. Kila kifaa cha PROFINET kina mlinzi wa muda: kikikosa data kwa mizunguko kadhaa, kwa kawaida mitatu, kinaamini kwamba PLC imepotea na kinajiweka katika hali salama. Mzunguko ukiwa milisekunde 4, uvumilivu huo ni milisekunde 12. Duara litapona milisekunde 200 baadaye na kukuta mashine imeshasimama zamani, ingawa kila kitu kilifanya kazi yake kama kitabu kinavyosema. Mhandisi aliyezisoma namba hizo mbili kwenye kurasa mbili tofauti bila kuzikutanisha ataitwa usiku. Ama auongeze uvumilivu wa mlinzi, ikiwa mashine inaruhusu, au alipie PRP au HSR, ambazo hutuma nakala mbili za kila fremu kwa njia mbili kwa wakati mmoja. Njia moja ikikatika, hakuna pengo lolote.

Usiku wenyewe una istilahi zake. Inverta ya konveya, kifaa kinachoamua kasi ya mota yake, imeungua saa nane, zamu inasubiri, na fundi ana mpya ya aina ileile kwenye boksi. Anaifunga, anachomeka kebo, taa ya kijani inawaka, na PLC bado inasema kifaa hakipo. Kwenye PROFINET kifaa hutambuliwa kwa jina lililoandikwa ndani yake, na inverta mpya imetoka kiwandani bila jina. Fundi mwenye kompyuta na programu ataiandikia jina kwa dakika chache. Asiye navyo atakaa hadi asubuhi, isipokuwa aliyeusanifu mtandao ule aliingiza mapema ramani ya nani ni jirani wa nani: hapo PLC huuliza swichi, huona kwamba kifaa kisicho na jina kimekaa poti ileile aliyokuwapo marehemu, na hukipa jina yenyewe. Mwanga wa kijani, kwa hiyo, unamwambia fundi jambo moja tu: waya unafika.

Na waya wenyewe una masharti. Plagi ya RJ45 ya ofisini ina ulimi mwembamba wa plastiki, na ulimi huo ukivunjika mtetemo wa mashine unamaliza kazi polepole. Nje ya paneli hutumika M12, ya duara na ya kufungwa kwa skrubu, yenye pini nne kwa megabiti 100 na nane kwa gigabiti. Alama IP67 kwenye boksi maana yake vumbi haliingii kabisa na kifaa kinavumilia kuzamishwa kwa muda katika maji ya kina cha mita moja. IP20 ni ya kukaa ndani ya paneli, kwenye reli ya milimita 35, ikipata volti 24. Kwenye kiwanda cha saruji au cha sukari, vumbi na joto huharibu mitandao mingi kuliko wadukuzi.

Mahali pengine ambapo miadi ni kali mno ni vituo vya kupozea umeme. Kwenye gridi ya hezi 50, kama zilivyo za Tanzania, Kenya na Uganda, kituo kilichojengwa kwa kiwango cha IEC 61850 kinaweza kupima mkondo na volteji mara 4,000 kila sekunde na kutuma kila kipimo kama fremu ya Etheneti. Vipimo vya sehemu mbili za kituo havina maana visipopimwa kwa saa zinazokubaliana, kwa hiyo saa za vifaa husawazishwa kwa kiwango cha IEEE 1588 hadi tofauti ya mikrosekunde moja. Na rilei, kifaa cha ulinzi wa kituo, ikiona hitilafu, agizo la kukata umeme halitumwi mara moja kisha likasubiri risiti. Hutumwa, hurudiwa mara kadhaa kwa haraka, halafu marudio yanazidi kuachana hadi yanatulia kuwa mpigo wa kawaida. Risiti ingekula muda ambao transfoma haina.

Bado palikuwa na vifaa ambavyo Etheneti haikuvifikia: vipimo vya shinikizo na vya kina, juu ya tangi la mafuta au gesi, mamia ya mita kutoka chumba cha udhibiti. Kebo ya kawaida ya shaba hukoma mita 100, na umeme wa kawaida haupelekwi mahali ambapo cheche moja ni mlipuko. Mwaka 2019 IEEE ilipitisha kiwango cha Etheneti ya jozi moja ya waya, megabiti 10 kwa sekunde hadi mita 1,000, na mwaka 2021 ikatolewa namna yake ya kutumika katika maeneo ya milipuko, data na umeme mdogo salama vikipita kwenye nyaya mbili zilezile. Kebo ya mfano waliyoichagua ni ya aina A, ambayo viwanda vingi vya mafuta na kemikali vimeilaza ardhini tangu zama za nyaya za zamani. Mwenye kiwanda cha aina hiyo, kabla ya kuchimba mtaro mpya, ana sababu nzuri ya kumtuma fundi na kipimo akaipime ile iliyopo.